Tundu la Nane

Kaka yangu alitaka kifaa chenye matundu mawili. Mimi nilitaka chenye manane. Tulibishana juu ya jambo hilo msimu mzima wa mvua, mezani, njiani kwenda misa, na hata siku zile risasi zilipokuwa zikilia upande wa juu wa mji nasi tumelala chini sakafuni, yeye kwenye ukuta huu, mimi kwenye ule. Maman alisema watu wengine wakilazwa chini namna hiyo husali. Sisi tulikuwa tunazozana juu ya kadi ya sauti.

Tulikuwa tunakaa Bukavu, mtaa wa Cimpunda, mahali ambapo nyumba zimebanana juu ya mteremko hivi kwamba ukipiga chafya ndani, wa nyumba ya chini anakuambia pole. Nyumbani tulikuwa wanne. Papa alikuwa mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi ndiye aliyeongoza kwaya ya parokia yetu. Maman aliuza vitenge sokoni Kadutu. Kaka alikuwa na kazi katika shirika moja la misaada, na mimi nilikuwa katibu katika ofisi moja ya chuo kikuu. Sote tuliimba. Vita ya pili ya Kongo ilikuwa imefikia umri wa mtoto anayejua kutembea na kusema, nasi tulikuwa tumeizoea kwa namna mtu anavyozoea jino bovu: unatafunia upande wa pili.

Huyo wa nyumba ya chini aliyetuambia pole alikuwa mama mmoja mjane, mwenye sauti ya kupasua kuni. Sisi alitusalimia. Yeye na Papa hawakusalimiana, kwa sababu mvua ikinyesha maji ya bati letu yalishuka moja kwa moja mpaka mlangoni mwa jiko lake. Alikuwa amepanda kulalamika mara nyingi, na siku moja Papa, ambaye alikuwa na kiburi chake, alimjibu kwamba maji ni ya Mungu, si yeye anayeyatuma. Tangu siku hiyo hawakusemezana, ila kila mvua ilipokatika tulimsikia huko chini akimwambia Mungu, kwa sauti ya kutufikia, ayachukue maji yake.

Papa alikuwa na uvimbe shingoni, ule ambao kwetu huitwa goitre. Wengi wa milimani wanao na hakuna anayejali, mpaka wake ukaanza kumbana pumzi. Daktari akasema lazima upasuliwe. Akasema tena, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, kwamba mshipa wa sauti unapita karibu kabisa na pale atakapokata. Papa atapona, lakini sauti huenda isirudi, au irudi nyingine. Nyumbani, alipomaliza kula, Papa akamuuliza Maman kama bado anazikumbuka nyimbo zake.

Nyimbo zake zilikuwa za Mashi, lugha yetu, za kanisani, alizotunga mwenyewe na kuwafundisha watu kwa mdomo. Hazikuwahi kurekodiwa. Na chini ya kila wimbo kulikuwa na besi yake, sauti nene yenye joto, ambayo nilipokuwa mdogo niliisikia kwanza kwa shavu, nikiwa nimelala kifuani pake, kabla ya kuisikia kwa masikio. Niliipenda sauti ile kuliko kitu chochote cha nyumba yetu, nasema bila haya. Nilitaka ibaki. Yote niliyozozana na kaka kuhusu mitambo yalitoka hapo.

Kompyuta tulikuwa nayo. Shirika la kaka lilikuwa limewagawia wafanyakazi zile za zamani, na ya kwetu ilikaa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma, Maman akiipangusa kila asubuhi kwa heshima. Lakini kompyuta peke yake ina sikio moja dogo, tena bovu. Ili irekodi watu vizuri inahitaji kadi ya sauti, yaani kifaa chenye matundu ya kuchomeka maikrofoni, kinachopokea sauti na kuigeuza kuwa kitu ambacho kompyuta inakielewa. Swali lilikuwa matundu mangapi.

Kaka alisema mawili yanatosha. Mtu mmoja anaimba, anarekodiwa. Wa pili anavaa vifaa vya masikioni, anamsikiliza wa kwanza, anaimba juu yake. Kisha wa tatu, na kuendelea, mpaka kwaya nzima ipatikane, kompyuta ikizipanga sauti zote. Ndivyo wanavyofanya Kinshasa, alisema, ndivyo wanavyofanya dunia nzima. Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Kaka yangu akijua kwamba anasema kweli hatembei, anaelea. Tena ndiye aliyekuwa analipa. Mimi nikasema kwaya si matofali, kwamba watu wanane wanaimba vizuri kwa sababu wako pamoja, kwa hiyo nataka matundu manane, kila mtu na lake, wote kwa mara moja. Akaniuliza tangu lini nimekuwa fundi mitambo. Nikamuuliza yeye tangu lini. Maman akatuuliza sote wawili vyombo vitaoshwa lini.

Nilitafuta kwenye intaneti ya ofisini, ambayo siku zile ilifungua picha kidogo kidogo kuanzia juu: ukaona kwanza kichwa cha kifaa, ukanywa chai, ukaona tumbo. Jioni nilikuja na habari zangu na kaka na zake. Papa alitusikiliza akiwa amejifunga skafu shingoni, kana kwamba sauti inayozungumzwa ni ya mtu wa mtaa mwingine.

Ubishi uliisha siku kaka alipoamua kunionyesha kwa vitendo. Jumamosi moja alimrekodi Maman kwenye kaseti, akiimba soprano ya wimbo mmoja wa Papa. Kisha akamweka Papa chumbani, akamvika vifaa vya masikioni ili asikie kaseti ile, akaweka redio nyingine mbele yake ya kumrekodi, akafunga mlango. Mimi nilichungulia dirishani kwa nje. Papa alianza vizuri. Ubeti wa pili nikamwona anageuza kichwa upande wa kulia. Alikuwa anawatafuta waimbaji wa alto. Maisha yake yote alikuwa ameimba huku alto wako kuliani kwake, na alijua pumzi yao kwa kuangalia mabega. Sasa kulia kulikuwa na kabati. Akapunguza mwendo, akaharakisha, akapotea, akanyamaza. Kaka alipoingia, Papa alikuwa ameshavivua vile vifaa na kuviweka mapajani kwa adabu.

"Mutoto wangu," akamwambia, "mi siwezi imba peke yangu. Sauti moja haiko wimbo. Iko kilio."

Kaka akazima redio. Siku ile hakuelea.

Basi ikawa manane, na kaka, kama kawaida yake, alipohamia upande wangu akataka kunitangulia. Siku chache baadaye aliingia amechangamka: amekipata. Matundu manane, kidogo, chepesi, kizuri cha kuangalia, tena bei yake ni ya kibinadamu. Alikuwa tayari amempigia simu tonton, mdogo wake Maman, aliyekuwa anafanya biashara Nairobi, ili akilete kutoka huko. Nikaomba kuona maelezo. Nikasoma mpaka chini, kwenye maandishi yale madogo ambayo watu wenye furaha hawayasomi.

Sauti inayotoka kwenye maikrofoni ni dhaifu, lazima ikuzwe kabla ya kuingia. Kifaa cha kaka kilikuwa na matundu manane kweli, lakini vikuza sauti viwili tu. Sita yaliyobaki yalikuwa ya vinanda vya umeme na mashine nyingine ambazo tayari zina nguvu. Nilimwambia ni kama kununua nyumba ya milango minane, sita kati yake ikiwa imechorwa ukutani. Alisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Akasema hao ni waongo. Hawakuwa waongo, waliandika, ila waliandika kwa herufi za aibu. Akatoka mbio kumpigia tonton tena, na mimi nikabaki nimekaa na ushindi wangu. Ni kweli haraka haraka haina baraka, lakini methali hiyo sikumwambia mpaka aliporudi, ili niione sura yake.

Tulichokichagua mwishowe kilikuwa kizito na kibaya. Kilikuwa na upana wa sinia, rangi ya kijivu, matundu manane mbele, kila tundu na kikuza sauti chake na kitufe chake cha kuzungusha. Kilikuja na kadi ya kuingizwa ndani ya tumbo la kompyuta na waya mnene wa kuviunganisha. Kaka aliiangalia picha na kusema kinafanana na redio ya jeshi. Laiti angeyameza maneno hayo.

Tonton alikipakia kwenye ndege ya mizigo mpaka uwanja wa Kavumu, na mimi na kaka tukaenda kukichukua. Wakati wa kurudi, hapo Miti, kwenye kizuizi cha barabarani, askari mmoja akafungua boksi. Akatazama matundu, akatazama vitufe, akatutazama sisi. "Oyo nini?" akauliza kwa Kilingala, hiki ni nini. Kaka akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo kifaa kilivyozidi kuwa redio ya jeshi: kinapokea sauti, ndiyo, kinazipeleka, ndiyo, watu wanane kwa mara moja. Mkubwa wao akaitwa. Akauliza tunaongea na nani kwa chombo hiki. Nikaona kaka anatafuta neno, nikamjibu mimi: na Mungu, ni kwa nyimbo za kanisa. Mkubwa akasema kama ni hivyo tuimbe.

Tukaimba. Tulisimama kando ya barabara, kaka kwa tenori, mimi kwa alto, tukaimba wimbo wa Papa. Tulipofika kwenye kiitikio, wanawake waliokuwa wanauza viazi na kabichi pembeni wakaitikia. Waliujua. Hatukuwahi kuufundisha Miti. Wimbo ulikuwa umetembea wenyewe. Yule mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande, kama mtu anayepima nyama.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini besi iko wapi?"

Kaka akamwambia besi iko nyumbani, inangojea boksi hili, na daktari naye anangojea besi. Yule mkubwa akafunga boksi kwa mikono yake mwenyewe, akatuambia tuende, tusiipitishe siku.

Maikrofoni tuliazima, za parokia, za shule moja, na mbili za Waprotestanti wa barabara ya juu, walioleta pamoja na ushauri. Vishikio tulitengeneza kwa mipini ya fagio iliyosimikwa kwenye ndoo za mchanga. Waimbaji Papa aliwachagua mwenyewe kwa desturi ya kwaya yake, wawili kwa kila sauti: yeye, Maman, kaka, na watano wa kwaya ya zamani. Mimi nilipewa kompyuta. Tukachagua Jumamosi mchana, siku ambayo mtaa wetu ulikuwa na zamu ya umeme.

Sebule yetu haikuweza kubeba watu wanane, ndoo nane na makochi. Kwa hiyo asubuhi tukatoa makochi, viti na meza, tukavipanga uani. Sauti ilikuwa inarudi kutoka sakafuni, basi tukatandika mikeka na mablanketi. Kelele za mtaa zilikuwa zinaingia, basi tukafunga mlango na madirisha yote. Niliwaomba waimbaji wasifike kwa vishindo, nao wakaja mmoja mmoja, taratibu, wamevaa kitenge cha kwaya kwa sababu Papa alisema huwezi kuimba vizuri ukiwa na nguo ya sokoni. Papa mwenyewe hakuonekana nje; siku hizo alikuwa anaionea aibu shingo yake na hakuwa ametoka hata uani kwa muda.

Yeyote aliyezaliwa Bukavu angeliona mara moja jambo tulilokuwa tunalifanya. Sisi tulizaliwa Bukavu, na hatukuliona.

Soprano mmoja hakufika. Alikuwa amekwenda Minova kununua maharage, na boti haikurudi. Tundu la nane likabaki bila mtu. Sikutaka likae bure baada ya vita vyote nilivyopigana kwa ajili yake, kwa hiyo nikaichukua maikrofoni yake na kuiweka karibu na mlango, chini, ili ichukue mwangwi wa chumba. Kaka akasema tumeagiza kifaa Nairobi ili kirekodi upepo. Nikavaa vifaa vya masikioni, Papa akainua mkono, wakaanza.

Siwezi kueleza nilichosikia bila kuonekana ninatia chumvi. Kila mtu alikuwa na mahali pake masikioni mwangu, Maman huku, kaka kule, na chini yao wote besi, ile ile, imekaa. Nilitaka kucheka kwa sauti na nilikatazwa hata kupumua. Ubeti wa pili, Papa akageuza kichwa kuliani, akawakuta alto wake.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia kitu kingine, kwa nyuma, kikipanda. Nilidhani ni mtoto wa jirani. Kikakaribia. Kilikuwa kilio, kilio chenyewe cha msiba, na kilitoka kwenye tundu la nane. Mwenye sauti ile alikuwa amesimama nje ya mlango wetu, mdomo karibu na maikrofoni ile kuliko mwimbaji yeyote wa ndani.

"Yoo, Papa wa mayi," yule mama wa nyumba ya chini alikuwa analia, akimwita kwa maji yake ya bati. "Unaenda bila kunisalimia. Sasa nitagombana na nani? Acha mayi ishuke, Papa, ishuke yote kwangu. Mi sitasema tena."

Makochi nje. Mikeka ndani. Mlango umefungwa mchana. Kwaya imeingia kimya kimya kwa sare, halafu wimbo wa polepole. Na mzee ambaye kila mtu alijua anangoja kupasuliwa, hajaonekana. Tulikuwa tumeandaa matanga, hatukubakiza kitu ila maiti.

Waimbaji wote walisikia. Maman alitoa macho. Nikamtazama Papa, nikidhani atasimamisha. Katika kwaya yake wimbo ulioanzwa haukatwi katikati, hata mshumaa ukianguka altareni. Aliwahi kumfukuza tenori mmoja kwa kosa hilo. Akainua kiganja juu, ishara yake ya kuendelea. Machoni alikuwa anacheka, lakini sauti haikutikisika. Akaishusha besi mpaka chini kabisa, mahali ambapo sijawahi kumsikia akifika.

Kule nje kilio kikapungua. Kikakatika. Nikasikia kamasi ikivutwa. Nikasikia hatua za mtu mwingine aliyewasili, akiuliza kwa uchungu ilikuwa saa ngapi alipokata roho.

"Nyamaza kwanza," jirani akamnong'oneza. "Marehemu iko anaimba."

Sijui tulivyofika Amina. Kaka alikuwa ameng'ata kola ya shati. Nilipofungua mlango nikaukuta mtaa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye makochi yetu, vichwa vimeinama. Kulikuwa na kuni, makaa, mafungu ya sombe, yale majani ya muhogo, na jirani alikuwa mbele ya wote na beseni la unga wa muhogo kichwani. Papa akatoka na skafu yake. Yule mama akamtazama kuanzia miguuni, akapanda polepole mpaka usoni.

"We Papa," akasema, "unafanya nini ndani ya matanga yako?"

Papa alijaribu kueleza kuhusu daktari, kisu, sauti na matundu. Hakusikilizwa. Mama yule alisema kwamba amelia kwa moyo wake wote, mbele za watu, na kwamba machozi hayo hayarudishwi kama sinia la kuazima. Aliyasema hayo akitetemeka, na beseni likitetemeka naye, mpaka Maman akalishusha. Na kwa kuwa chakula kilicholetwa kwenye matanga hakibebwi kurudi nyumbani, hata matanga yenyewe yakikosa mwenyewe, Maman aliwasha moto. Tulisonga ugali, tukala na watu wote waliokuja kumzika Papa, naye akipita kati yao akiwashukuru kwa kufika. Wengine walikuwa bado wanamgusa mkono kuhakikisha. Baada ya kula tukarekodi nyimbo zilizobaki, mlango wazi, mtaa mzima umekaa kwenye mikeka.

Kaka alidhani wimbo wa kwanza umeharibika. Nikamwonyesha kompyuta: nikafunga tundu la nane, kwaya ikabaki peke yake, safi, kilio kikisikika mbali sana, kama redio ya mtaa mwingine. Nikafunga yote saba, nikafungua la nane, na jirani akalia sebuleni kwetu kwa ukamilifu. Kaka akakiangalia kile kisanduku cha kijivu kwa muda. Akasema kwa mawili tungekuwa tumeupika msiba na wimbo katika chungu kimoja. Niliupokea ushindi huo bila kusema methali.

Papa alipasuliwa na akapona. Daktari alimkataza kusema mpaka kidonda kishike. Alilala nyumbani na bandeji yake, akawa ananiita kwa kupiga kijiko kwenye kikombe, kisha ananyoosha vidole vinane. Nilimwekea. Alisikiliza "Acha mayi ishuke" huku mabega yakitikisika, ameshika nyuzi za shingoni, machozi yakimtoka. Maman aliapa atakitupa kifaa ziwani kabla hakijamfungua mgonjwa kidonda. Siku moja, baada ya kusikiliza, Papa akamwita kaka, akamwonyesha jembe, akamwonyesha pa kuchimba mfereji. Kaka alichimba kutwa nzima, maji ya bati letu yakaelekezwa njiani.

Mvua ya kwanza ilipokatika, jirani akapanda. Alikuwa na hasira. Aliuliza ni nani aliyetuambia tuondoe maji. Alikuwa ameshayawekea pipa, sasa afulie nini? Sisi tukamtazama Papa, kwa sababu Papa alikuwa amefungua mdomo, mara ya kwanza tangu apasuliwe. Nilishika shingo yangu mwenyewe.

"Maman," akamwambia jirani, "kilio yako ulianza juu sana. Siku ingine uanze chini."

Sauti ilikuwa nyembamba, ya juu, yenye nyufa. Haikuwa ya mtu niliyemjua. Jirani naye aliisikia, nikaona uso wake unabadilika, lakini hakumwachia.

"Siku ingine ukufe kweli," akamjibu, "njo nitaanza chini."

Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikwenda jikoni nikalia. Nilifurahi kwamba yuko hai na anachokoza watu, na nililia kwa sababu besi ilikuwa imekwenda. Yote mawili yalikuwa kweli na sikuona haja ya kuchagua.

Kwa muda mrefu Papa hakuimba. Kanisani aliongoza kwa mikono tu. Nyumbani nilizificha zile nyimbo, nikiogopa kumuumiza, mpaka Jumapili moja baada ya misa alipovuta kiti mbele ya kompyuta na kuniambia niweke wimbo wa kwanza, sauti yake peke yake, wengine wote niwafunge. Nikafungua tundu la tano. Besi ikajaa chumbani. Alijisikiliza ubeti mzima, kichwa upande.

"Huyu muzee iko na besi ya muzuri," akasema kwa sauti yake mpya. "Ngoja nimusindikize."

Akaingia juu, kwa tenori, polepole, sauti ikiyumba, ikitafuta mahali pa kukanyaga. Nikamwona anageuza kichwa kidogo upande wa kulia, kuelekea spika, pale alipokuwa yule mzee wa besi. Sauti ikasimama imara. Kaka akaacha kula. Maman akatokea mlangoni na mikono yenye unga, na mimi nikawa siwezi kuona vitufe vizuri.

Kutoka nyumba ya chini jirani akaitikia kwa soprano. Alianza juu sana. Papa akainua kiganja, twende. Ndipo kaka yangu, ambaye hakuwa ameambiwa na mtu, akainuka, akachukua maikrofoni moja ya parokia tuliyokuwa hatujairudisha, akaiweka mlangoni chini, akaja kuichomeka mwenyewe kwenye tundu la nane.